Jina Lisilo na Kaburi

Mwanangu Harisoni,

Nakusalimu ungali hapa nyumbani. Bibi Mwalimu aliyenifundisha kuandika barua angelipigia mstari mwekundu jambo hilo, kwa kuwa yeye alisema barua humfuata mtu aliye mbali. Wewe hujawa mbali. Umekwenda kumuaga mjomba wako ng'ambo ya bonde, jua bado halijafika kwenye migomba, na sufuria ya makande inachemka yenyewe bila kuniuliza kitu. Kesho alfajiri utateremka Same kuwahi treni. Barua hii nitaiweka chini ya shuka katika sanduku lako la bati, uikute ukiwa umekwisha fika chuoni.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuchagua marafiki, wala za kutolala na viatu. Hayo nimeyasema miaka yote kwa mdomo, na usiyoyasikia utayasikia ukiugua. Nataka kukuandikia habari ya jina lako. Lakini kwanza nikiri kosa la jana.

Jana nilifungua sanduku lako. Mkono wangu ulikuja kuweka mfuko wa karanga. Macho yangu yalikuja kupekua. Siwezi kusema vinginevyo, kwa sababu tangu yule rafiki yako, karani wa shamba la mkonge, alipokuja kukutembelea na soksi zake zilizovutwa mpaka magotini, nimekuwa nikikushuku. Mlikaa nyuma ya jiko mkizungumza kwa sauti ya chini. Mtu akitaka asisikilizwe asikae nyuma ya jiko la mama yake.

Nikaliona daftari lako, na ukurasa ule. Kuanzia juu mpaka chini umeandika kitu kimoja, mara kwa wino mwembamba, mara kwa wino mnene, mara kwa mkia mrefu unaozunguka chini kama nyoka: M. Harrison. M. Harrison. M. Harrison.

Nilimwita Nanzia, dada yako, aliyekuwa akifanya hesabu zake mlangoni.

"Kaka yako anaandika nini hapa?"

"Ni sahihi, mama. Anajifunza kutia sahihi."

"Na hii M ni ya nani?"

"Ya baba. Mbonea."

"Mbona baba yako amekuwa mfupi hivi?"

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki, akaweka kalamu chini. "Mama, ndivyo Wazungu wanavyofanya. Jina la mwisho ni la ukoo, hilo huandikwa lote. La mwanzo ni la mtu mwenyewe, hilo hukatwa, ikabaki herufi na nukta. Mwalimu ametufundisha. Harrison ni jina la ukoo."

"Harisoni ni jina la mtu," nikasema. "Mwenye jina nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona mmoja wao, mama."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Nilikaa pale mpaka makande yakaungua, kama ulivyoonja jana jioni ukaniuliza nina nini. Nilikuwa na hilo.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu habari hii umeisikia vipande vipande, na vipande vingine umevisikia kwa watu wasiotutakia mema.

Utaratibu wa kwetu unaujua. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa upande wa baba. Humwinua babu yake kwa kupewa jina lake. Babu yako alizaliwa mwaka ambao nzige walifunika mashamba, akaitwa Senzige, kama ambavyo dada yako alizaliwa njiani nikitoka kwa wazazi wangu, akaitwa Nanzia. Se kwa mwanamume, Na kwa mwanamke, halafu lile lililotokea. Mtu wa kwetu akilisikia jina lako hajui tu wewe ni nani, anajua na siku yako ilikuwaje.

Kabla yako nilizaa wana wawili. Hilo unalijua, ingawa hatulisemi. Wa kwanza alikuwa Senzige. Alikaa nasi mvua mbili, akaanza kusema maneno, akashikwa na kifua. Wa pili naye aliitwa Senzige, kwa kuwa babu alikuwa bado hajainuliwa. Huyo hakufika kutambaa. Wanawake wa hapa waliendelea kuniita Mama Senzige, nami niliendelea kuitika, huku sina Senzige hata mmoja.

Nikaanza kulishuku jina. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, nimebatizwa, nimefundishwa na Bibi Mwalimu kwamba marehemu hawadai watoto. Nilijua hivyo mchana. Jua likizama sikujua tena. Nilimshuku babu yako, ambaye sikupata hata kumwona. Halafu nikamshuku bibi yako. Kila alipomshika mtoto na kumwita "mume wangu, mume wangu mdogo," kama wafanyavyo bibi wote, mimi nilisikia mtu akimwita mumewe arudi. Nilianza kumnyang'anya mtoto kwa visingizio: ananyonya, analala, amejichafua. Yeye aliona. Akaanza kunishuku mimi. Tuliishi hivyo, mkamwana na mama mkwe, tukipishana mlangoni kwa heshima nyingi, na heshima ikizidi katika nyumba moja ujue kuna kitu kimeoza.

Nikapata mimba yako, na mimba ilipokuwa kubwa akaja mpima ardhi.

Alikuwa Mzungu kijana, mrefu, aliyekonda kama mti wa uzio. Alipiga hema zake mbili juu ya ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akaanza kupigilia vigingi vyeupe mpaka kwenye mashamba ya watu. Hakuna aliyelala vizuri. Mchana vigingi vilipigwa, na asubuhi vingine vilikuwa vimetembea. Wanawake kwenye mfereji walisema, "Kuku akipapaswa kifua, jua soko limekaribia." Mpaka leo sijui alikuwa anapima nini. Maji hayakuondoka, ardhi haikuondoka, lakini hata sasa nikiona Mzungu anafumba jicho moja, natazama mipaka yangu.

Mimi nilikuwa nikimpelekea mpishi wake mayai na ndizi. Mpishi alikuwa mtu wa Lembeni, mnene, mwenye maneno, mwenye kumwita kila mwanamke shemeji. Nami, kwa kushuku kwangu, nilikwenda na maswali pamoja na mayai.

"Bwana wako anaitwa nani?"

"Harisoni."

"Harisoni nani?"

"Harisoni basi. Shemeji, unataka kumtoza kodi?"

"Nauliza tu. Mbona amekonda hivyo? Haugui?"

"Haugui!" Akaweka mwiko chini. "Kule Jipe homa ilimshika mpaka akageuka rangi ya limau. Tukamchimbia kaburi, shemeji. Kaburi zima, mimi mwenyewe nilishika jembe. Asubuhi akaamka, akaomba chai. Tukaona haya kulifukia anatutazama."

"Sasa kwa nini hakufa?"

Mpishi akanisogelea kana kwamba ananiambia siri ya serikali. "Kifo kilikuja. Kikasimama mlangoni mwa hema kimwite. Lakini kifo cha huku, shemeji, kimezoea akina Senzia, akina Senzota. Kikijaribu kusema Harisoni, ulimi unateleza. Kikaona aibu, kikaenda zake."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Mimi sikucheka. Nilimpa yai moja la ziada, nikateremka.

Nililibeba jina lile kama mtu anayebeba moto wa kuazima, nikilikinga na upepo. Nikipalilia, nalitamka. Nikiteka maji, nalitamka. Lilikuwa na mlio mgumu na mwisho laini. Lakini uzuri wake mkubwa haukuwa mlio. Uzuri wake ni kwamba katika milima hii yote hapakuwa na mtu aliyewahi kufa nalo. Hapakuwa na mzee wa kulidai, wala bibi wa kulililia. Lilikuwa jina lisilo na kaburi. Nikasema, nitamficha mwanangu humo.

Ona basi kosa langu lilivyokuwa. Kwetu mtu akiulizwa jina hutaja lake mwenyewe. Jina la ukoo halimwiti mtu. Huwezi kusimama kilimani ukaita "Mmbaga!" kwa kuwa kilima kizima kitaitika. Haikunipitia kichwani kwamba wako watu wanaotembea duniani wakiitwa kwa ukoo wao, na majina waliyopewa na mama zao wameyafungia ndani, hata wapishi wao wasiyajue. Nilidhani nimekupa jina la kijana mmoja aliyekataliwa na kifo. Kumbe nimekupa jina la baba zake, na babu zake, na babu za babu zake, wote waliolala chini ya mawe yaliyoandikwa, kila jiwe Harisoni. Nilikwenda kutafuta jina lisilo na kaburi hata moja, nikarudi na makaburi ya ukoo mzima. Miaka kumi na minane nimelala usingizi kwa kutojua.

Nanzia aliniambia na jingine jana. Alisema, "Mama, son ni mwana. Maana yake mwana wa Hari."

"Hari? Hari ya jasho?"

"Si hiyo, mama. Ni jina la mtu."

Lakini mimi nalisikia kwa masikio yangu. Mwana wa hari. Nilikuzaa katika jua la saa nane, nikiwa nimelowa kama aliyetolewa kwenye mfereji, na ningekupa jina la siku yako kama desturi inavyotaka, nisingekosea sana. Nikawaza pia kwamba hata hao wenzetu wana Se yao, ila sisi huiweka kichwani na wao huiweka mkiani. Hilo lilinifariji kidogo. Halikunifariji sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikutaka kulifikia, nami nimekwisha chovya kalamu mara tatu bila kuandika.

Wiki moja kabla ya ubatizo wako baba yako alisema, "Ataitwa Senzige."

Nikasema, "Ataitwa Harisoni."

"Ndiyo nini?"

"Ni jina la Biblia."

Baba yako hajasoma, unajua. Nami wakati ule nilikuwa mtu pekee katika nyumba yetu aliyeweza kufungua kile kitabu. Akauliza, "Wapi katika Biblia?" Ningeweza kurudi nyuma hapo. Mlango ulikuwa bado wazi. Nikasema, "Alikuwa mmoja wa watu wa Gideoni, wale waliokunywa maji kwa mkono." Nikamwona analirudia polepole, kama mtu anayepima mzigo kwa bega: Gideoni, Simeoni, Harisoni. Jina likasimama katika mstari na wenzake, na hakuna aliyelitambua kuwa mgeni.

Akasema, "Kama ni mtu wa Gideoni, sawa."

Mchungaji naye alipolisikia aliinua macho kidogo, nadhani alifikiri tunamheshimu mpima ardhi. Akaandika. Bibi yako alikaa kimya siku ile, na ukimya wake niliuongeza kwenye mashaka yangu.

Ukaishi. Hilo nalo liandikwe. Ukaugua surua, ukaishi. Ukaanguka kwenye ndiva, ukatolewa na maji puani, ukaishi. Kila mara nilisema moyoni, jina limekishinda kifo tena. Wala sikuona kwamba uongo wangu nao ulikuwa unakua pamoja nawe, unakula chungu kimoja nawe.

Ulipokuwa na miaka kama tisa ikaja habari ya mbiru, kodi ile mpya, na wanaume wa milimani wakateremka Same kukaa mbele ya boma la serikali mpaka wasikilizwe. Unakumbuka baba yako hakuwepo siku nyingi. Hukuambiwa yaliyompata kule. Nilipoteremka na wanawake wenzangu kupeleka chakula, niliwakuta wanaume wamekaa kwa makundi wakila pamoja, na baba yako amekaa peke yake, hatua ishirini pembeni, mgongo kwenye mti wa miiba. Nikadhani ni mgonjwa. Mwanamume mmoja akanipokea kikapu kabla sijafika.

"Mama wa Mzungu, karibu. Chakula hiki ni cha huku, au ni cha bomani?"

Wengine wakacheka. Mwingine akapaza sauti, "Baba Harisoni! Mkeo amefika. Mwambie mpima ardhi tumemsalimu, umwambie na majina yetu kama hujamaliza kuyapeleka!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alikuwa amekumbuka hema za juu ya ndiva, na mwingine akakumbuka jina la mtoto wa Mbonea, na katika siku zile kila mtu alikuwa anamtafuta aliyewauza. Nani humpa mwanawe jina la Mzungu bure? Baba yako alikula makande yangu bila kuinua kichwa, akanirudishia bakuli, akasema, "Nitakuja Jumamosi."

Alikuja. Hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Chukua Biblia. Nionyeshe."

Nikaichukua. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikaipangusa. Nikafungua kwa Gideoni. Nikasoma kwa sauti, taratibu, nikiomba katikati ya mistari muujiza utokee na jina liwepo. Watu elfu kumi wakashuka majini. Mia tatu wakanywa kwa mkono. Nikafika mwisho wa sura.

"Hawakutajwa majina," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akafikiri. "Kwa hiyo huenda mmoja wao aliitwa Harisoni."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananidhihaki au ananipa mahali pa kupitia. Sikupita. Nililia, nikamwambia yote: mpishi, kaburi la Jipe, yai la ziada. Nikamwambia nilimwogopa baba yake kaburini. Niliposema hilo nikajua sasa atanipiga, na nikaona ni haki.

Alikaa chini. Akasema, "Ungeniambia unaogopa. Wale watoto nami niliwazika."

Katika miaka yote ile, mwanangu, haikuwa imenijia kwamba waliozikwa walikuwa na baba. Niliifunga huzuni yangu kama mtu anayefunga mlango, nikasahau kwamba kuna mtu yuko upande wa pili, ameshika komeo lile lile.

Nikamwambia, "Tulibadilishe. Twende kwa mchungaji, aitwe Senzige. Wale wa Same wataona."

Akatazama nje. Wewe ulikuwa uani unamfukuza jogoo. Akakuita kwa jina lako, nawe ukageuka ukasema, "Naam, baba," ukaendelea na jogoo wako. Akaniambia, "Amekwisha itika." Asubuhi yake akarudi Same, akaenda kukaa tena pale pale hatua ishirini pembeni, na hakuondoka mpaka wenzake walipoondoka. Jina ambalo hakulichagua, alilopewa kwa uongo, alilibeba mbele ya watu wake bila kusema, "Ni mke wangu aliyelileta." Angesema tu hivyo, wangempa nafasi kwenye bakuli.

Bibi yako naye, mwaka ule alipolala kitanda cha mwisho, nikimlisha uji, aliniambia, "Mkamwana, ulifanya vizuri kulikwepa jina lile. Mimi nililiogopa tangu yule wa kwanza. Lakini ningesemaje? Mimi mjane wake?" Tuliogopa kitu kimoja, kila mmoja upande wake wa ukuta, na kila mmoja akadhani kelele anazosikia ni za mchawi.

Ndiyo maana nimekuandikia yote haya. Mimi ni mtu wa kushuku, na kushuku kumenila miaka mingi ambayo ningeweza kuitumia kuuliza. Ningeweza leo nikukalishe jikoni nikuulize, "Mwanangu, kwa nini umemfanya baba yako herufi moja na nukta?" Lakini naogopa utanijibu haraka, kwa adabu, kama nilivyomjibu baba yako habari ya Gideoni. Kwa karatasi huwezi kunijibu haraka.

Nilisikia maneno ya karani wako, sitaficha. Alisema, "Ukiandika Mbonea, barua yako itawekwa chini ya zingine. Ukiandika Harrison wataisoma kwanza, washangae baadaye." Inawezekana amesema kweli. Yeye ameingia katika ofisi zao, mimi sijaingia. Sitaki kukuambia kwamba hao watu watakupenda kwa jina la Mbonea, kwa sababu siamini. Nauliza tu, watakapokwisha kushangaa, ukiwa umesimama pale mlangoni mwao, wakakuuliza wewe ni Harrison yupi, wa wapi, mwana wa nani, utawaambia nini? Maana uongo wa jina nimeuishi. Si mzigo wa kutua ukifika. Kila anayeuliza, unaupandisha tena kichwani.

Wala siwezi kukulaumu. Ni mimi niliyekufundisha kwamba jina ni mahali pa kujificha. Nilikuingiza humo kabla hujafungua macho. Sasa umekuwa mtu mzima, umeona nyumba niliyokujengea ina mlango wa upande wa pili unaotazama kwa Wazungu, na unataka kuutumia. Mimi ndiye fundi.

Baba yako sijamwambia. Daftari nimelirudisha lilipokuwa, chini ya shati la bluu, na Nanzia nimemkanya. Huko chuoni watakupa karatasi ya kujaza, na patakuwa na nafasi ya jina lako, na nafasi ya jina la baba. Sitakuwepo. Ukiona vyema kuandika Harrison kwa r mbili na mkia wa nyoka, andika, mradi nafasi ya pili usiiache ikaliwe na ya kwanza. Wala sikulazimishi hata hilo. Nimeshalazimisha jina mara moja.

Ila nikuambie jambo moja, ulijue kabla hujashika kalamu. Barua yako ya kwanza itakapofika, italetwa na mtu atokaye Same, nami sitaifungua mara moja. Nitaigeuza nyuma, kwa kuwa nyuma ndipo umefundishwa kuandika jina lako. Baba yako atakuwa amesimama begani kwangu. Kusoma hajui, lakini jina lake analijua kwa sura, kutoka kwenye stakabadhi za kodi; huliona hata juu ya meza ya karani likiwa limepinduliwa, na hulifuata kwa kidole kutoka kilima cha M ya mwanzo mpaka a ya mwisho. Herufi moja yenye nukta hataitambua. Atanigusa bega, ataniuliza, "Hii imetoka kwa nani?"

Nami nilimdanganya mara moja kwa ajili ya jina lako, Harisoni. Mara ya pili sitaweza.

Mimi niliyekuzaa, nikakuita.